Kuarifu, kupasha, kusambaza au kushirikisha: neno lipi kwa kazi ipi?

Shangazi yangu alipopata simu janja kwa mara ya kwanza, haikupita wiki akanipigia. Nikamwamkia, akaitika marahaba kwa haraka ya mtu mwenye jambo, kisha akaingia kwenye shida yake. Kuna mtu amemtumia picha ya kadi ya harusi. Chini ya picha kuna kitufe, kimeandikwa Shiriki. "Sasa mwanangu, nikibonyeza hapa ndiyo nimekubali kwenda? Maana tarehe hiyo mimi nina safari."

Nilicheka. Nilipokata simu kicheko kikaisha, kwa sababu kati yetu wawili yeye ndiye aliyekisoma Kiswahili kama kilivyo. Kushiriki ni kuingia kwenye jambo na kulifanya pamoja na wenzako: unashiriki mazishi, unashiriki mashindano, unashiriki uchaguzi. Neno Shiriki likikaa chini ya kadi ya harusi, msomaji anaitwa harusini. Mimi nilikizoea kitufe kile hata nikaacha kukisoma.

Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu: barua za ofisi, matangazo, vijitabu, ripoti. Kosa la shiriki linanipitia mkononi karibu kila wiki, na limezaa ndugu zake. Mtu analijua jambo, anataka na wengine walijue, naye mbele yake kuna vitenzi kumi na zaidi: kuarifu, kutaarifu, kujulisha, kujuza, kufahamisha, kupasha, kutangaza, kusambaza, kueneza, kuwasilisha, kushirikisha, na siku hizi kushea. Anashika kilicho karibu. Mara nyingine kinafaa, mara nyingine anawaalika watu harusini bila kujua.

Ukiuliza tofauti, wengi watakwambia ni urasmi tu, kwamba kuarifu ni kwa barua na kujuza ni kwa ujumbe wa simu. Urasmi upo, lakini si mpaka mkubwa. Mpaka mkubwa ni huu: kitenzi kimemshika mtu, au kimelishika jambo?

Jaribu kujiweka ndani

Njia ya haraka ya kuuona mpaka huo ni kuchukua kitenzi, kukitia -ni-, halafu kumwagiza mtu akutendee. Niarifu. Nijulishe. Nijuze. Nifahamishe. Nipashe. Nishirikishe. Vyote vinapita, na katika vyote mimi ndiye ninayetoka na kitu kichwani. Nipashe imekaa vizuri mdomoni hata Tanzania kuna gazeti linaitwa hivyo hivyo, kitenzi kizima chenye mtu ndani yake kikiwa jina la gazeti.

Sasa endelea. Nitangaze: hii ni kauli ya msanii au mgombea, anataka yeye mwenyewe ajulikane. Nisambaze: sijui utanigawa vipande vingapi. Nieneze: mimi si homa. Vitenzi hivi vitatu vimelishika jambo, wala havina habari na mtu. Ukitaka mtu aingie inabidi umfungulie mlango kwa kuongeza kiambishi cha kutendea: nitangazie, nisambazie, nienezee. Hapo ndipo anapopata nafasi.

Na nishiriki? Hapo kunatokea kioja. Ile ni- inakataa kuwa mtendewa, inageuka kuwa mtenda: "Unataka nishiriki?" maana yake unataka mimi niingie. Kitenzi shiriki hakina kabisa mahali pa kumweka mtu anayepewa. Unashiriki jambo, au unashiriki na mtu katika jambo, basi. "Shiriki ujumbe huu na marafiki" ni sentensi iliyovaa nguo za Kiswahili huku mifupa ni ya Kiingereza.

Ukitaka kujua kwa nini wafasiri walikwama hapo, tazama neno lenyewe walilokuwa wakilifasiri. Kitenzi hicho cha Kiingereza, share, asili yake ni kukata. Kina shina moja na shear, kile cha kukata manyoya ya kondoo. Kitu kinakatwa, kila mtu anapata fungu lake. Kiswahili nacho kina neno la kukata mafungu, nalo ni gawa, lakini hakuna Mswahili aliyewahi kusema anagawa habari kwa rafiki yake, maana habari ukimpa mwenzako fungu lako halipungui. Kwa hiyo gawa ilikataliwa, na ikachukuliwa shiriki, ambayo iko karibu lakini mlango wake unafunguka upande mwingine: haimpelekei mtu kitu, inampeleka mtu kwenye kitu.

Kushiriki na kushirikisha

Shiriki tumeipata kwa Kiarabu, kutoka kwenye shina lenye maana ya kuwa na ubia. Ukoo wake kwetu ni mkubwa: shirika, ushirika, mshirika, ushirikiano. Na kuna ushirikina, ambao watu wengi hawautambui kama ndugu wa hawa wengine. Asili yake ni kumfanyia Mungu washirika, yaani kumwekea wabia katika uungu wake. Kwa matumizi ya leo neno limeteremka likawa imani za uganga na hirizi. Lakini uzi ni mmoja kuanzia chama cha ushirika hadi kwa mganga: kuna jambo moja na wenyewe zaidi ya mmoja.

Tia kiambishi cha kusababisha unapata shirikisha, yaani kumfanya mtu awe mbia. "Alinishirikisha siri yake" ni Kiswahili safi, tena kizito. Hakunieleza tu, amenifanya niibebe pamoja naye, na kesho ikivuja nitaulizwa na mimi. Ndiyo maana kwa siri, msiba, mpango wa ndoa au wasiwasi wa ugonjwa, neno hili halina mpinzani. Kwa ratiba ya mafunzo au namba ya mlango wa ofisi ni zito kupita kiasi.

Uzito huo unaonekana vizuri zaidi pale linapokanushwa. Umewahi kukaa kwenye mkutano wa hadhara watu wakilalamika? Hawasemi "hatukushirikishwa" wakiwa na maana kwamba hawakuambiwa. Mara nyingi waliambiwa. Karatasi ilibandikwa, kipaza sauti kilipita. Wanachosema ni kwamba jambo lilikuwa limekwisha amuliwa, wao wakaletewa matokeo. Waliarifiwa, hawakushirikishwa. Kati ya maneno hayo mawili kuna mgogoro mzima wa barabara, kiwanja au ada.

Mara moja niliipokea ripoti yenye kichwa kilichosema wananchi "walishirikishwa kikamilifu". Nikasoma ndani kutafuta walichofanya. Barua moja ilipelekwa, ikabandikwa ubaoni. Hakuna kikao, hakuna maoni yaliyochukuliwa. Nilimwandikia mwenye ripoti pembeni: hapa andika waliarifiwa. Hakupenda. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutolitumia neno kushirikisha ovyo: linatoa ahadi. Ukimwambia mtu umemshirikisha, ana haki ya kukuuliza mchango wake umeuweka wapi.

Hivyo, kama unachagua kati ya hayo mawili tu, jiulize unataka jibu au hutaki. Kama unataka mtu ajue na basi, mwarifu. Kama uko tayari akukatalie, mshirikishe. Na shiriki iachie harusi.

Kuarifu, kujulisha na jamaa zao

Arifu nayo ni ya Kiarabu, kutoka shina la kujua. Kwao arafa ni kujua, na ukikaza ile herufi ya katikati, arrafa, inakuwa kumfanya mtu ajue. Sisi tulikuwa tumekwisha jenga jambo lile lile kwa matofali yetu wenyewe: jua, julisha. Baadaye tukachukua fahamu, tukaifanyia hivyo hivyo: fahamisha. Matokeo yake tuna vitenzi vitatu vilivyojengwa kwa ramani moja, na kwa maana ya msingi havitofautiani hata kidogo. Hapa ndipo lile jibu la urasmi lina nafasi yake.

Kuarifu ni neno la barua: "Napenda kukuarifu kuwa ombi lako limepokelewa." Lina ubaridi wa karatasi, na huo ndio uzuri wake, kwa sababu halibembelezi wala halitishi. Kutaarifu ni lile lile likiwa limevaa koti. Kufahamisha linadai kidogo zaidi, kwamba msomaji aelewe, si kupokea tu. Ukiwa na utaratibu mpya wenye vipengele vya kuelezwa, lichague hilo. Kujulisha linakaa popote, na mtu akiwa na shaka aende nalo. Kujuza limefupishwa, na kwenye simu limeshika kasi: "ukifika nijuze". Silipendi kwenye barua ya ofisi, ila sina hoja ya sarufi ya kulikataa.

Shina la arifu limetuzalia pia maarifa, maarufu na taarifa. Mtu maarufu, kwa asili, ni mtu anayejulikana tu. Sifa njema tumemwongezea wenyewe. Taarifa nayo ina safari yake: neno hilo hilo la Kiarabu lilivuka Mediterania likaingia Kiitaliano kama tariffa, na huko Ulaya likaganda katika maana ya orodha ya bei na ushuru. Kwetu limebaki na kazi yake ya kujulisha. Na hivi karibuni shina limechipuza tena: arifa, ule ujumbe mdogo unaochomoza juu ya kioo cha simu. Hilo ni tunda zuri. Aliyelitunga alikwenda kwenye shina sahihi na akakata kifupi, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza maana yake. Laiti mwenye kitufe cha Shiriki angeketi na huyu mwenzake.

Habari si taarifa

Vitenzi vingi hapa vinaomba nomino ya kufuatana navyo, na watu hubadilishana hizi mbili kana kwamba ni moja. Redio imeshatusaidia kwa miaka yote: inasema taarifa ya habari. Zingekuwa kitu kimoja, msomaji angekuwa anajirudia kila saa.

Habari ni khabar ya Kiarabu. Wazee waliiandika khabari, na kuna wanaoitamka hivyo hadi leo. Ni jambo lililotokea au linalosemwa, likiwa mbichi, likitembea lenyewe. Ndiyo maana tunaamkiana kwa habari: habari za asubuhi, habari za nyumbani, habari za kazi. Hakuna anayeuliza taarifa za asubuhi, labda polisi. Taarifa ni habari iliyoshikwa, ikapangwa, ikapewa mwenyewe. Ina aliyeitoa na ina aliyekusudiwa.

Linganisha mwenyewe. "Sina habari naye" maana yake simjali, afanye atakalo. "Sina taarifa zake" maana yake nimeulizwa, nami sijapewa. "Hana habari" ni mtu anayetembea huku kamba ya kiatu imefunguka. "Hana taarifa" ni mtu ambaye ofisi haijamwandikia. Badilisha nomino, lawama inahama.

Watunga sheria wa Tanzania wameulinda mpaka huu vizuri kuliko waandishi wengi. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Halafu, katika kipengele kingine cha ibara hiyo hiyo, haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Angalia vitenzi vilivyoandamana nazo. Habari unaitafuta mwenyewe. Taarifa unapewa, kwa hiyo kuna mwenye wajibu wa kutoa. Mwaka 2016 zikapitishwa sheria mbili zilizofuata njia hiyo hiyo: Sheria ya Huduma za Habari, inayohusu vyombo na waandishi, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, inayohusu kile kilicho mikononi mwa ofisi. Mwaka 2022 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambamo taarifa imepanuka hadi jina lako, namba yako na alama za vidole vyako. Jaribu kusema "habari binafsi" hapo. Utakuwa umeingia kwenye umbea.

Kwa hiyo: unapasha habari, unatoa taarifa. Kutoa habari kunawezekana. Kupasha taarifa kunakwaruza sikio langu, ingawa nalisikia.

Kupasha

Hiki ndicho kitenzi ninachokipenda kuliko vyote, na nitakitetea. Pasha ni pata iliyotiwa usababishi, kama pita ilivyozaa pisha. Kumpasha mtu habari ni kumfanya azipate. Hakuna karatasi humo, hakuna ofisi; kuna mkono unaonyoosha kitu na mkono unaopokea. Kina nafasi ya mtu na nafasi ya jambo vikikaa pamoja bila kusukumana: nimempasha Asha habari. Ukitaka Kiswahili cha asili cha lile linalotafutwa na wenye vitufe, hasa pale watu wanapopeana wao kwa wao, ni kupashana habari. Lilikuwepo kabla ya intaneti na halikuomba msaada wa mtu.

Lina tatizo moja, nalo ni joto. Tunapasha chakula moto, wachezaji wanapasha misuli kabla ya mechi, na mtu akisema "leo nimempasha" bila kutaja habari, ujue amemwambia ukweli wake mbele za watu. Kutoka hapo ikaja mipasho, ule ufundi wa taarabu ambapo jina halitajwi na mwenyewe anajijua. Hivyo usiandike kwenye barua ya kazi "nitampasha meneja". Andika habari mbele yake, au rudi kwenye kumjulisha.

Kutangaza, kusambaza, kueneza

Huu ni upande wa pili wa mpaka, ambako jambo ndilo lililoshikwa. Vyote vitatu ni vya Kibantu na vyote vimejengwa kwa kusababisha: jambo linatangaa, unalitangaza, linasambaa, unalisambaza, linaenea, unalieneza.

Kutangaza ni kutoa mahali pamoja, kwa sauti, kwa yeyote mwenye masikio. Hujui nani amesikia. Sikiliza tangazo la kifo redioni, lile la namna ya zamani, uone jinsi wazee walivyojua kikomo cha neno hili. Fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani. Hapo nchi nzima imeambiwa. Halafu msomaji anashuka sauti kidogo: habari ziwafikie fulani, popote alipo, na fulani. Kutangaza peke yake hakukutosha; ndugu hatangaziwi kifo kama mpita njia. Habari zimepewa miguu na majina ya watu wa kuwafuata. Katika sentensi mbili mpaka wote ninaouzungumzia umechorwa na kuvukwa, na aliyeandika tangazo hilo huenda hakuwahi kufikiria sarufi yake hata siku moja.

Kusambaza ni kupeleka sehemu nyingi. Kunahitaji njia na mikono: barua pepe inasambazwa, vipeperushi vinasambazwa, maji na umeme vinasambazwa. Nchini Kenya neno limepata kazi nyingine kupitia huduma ya Safaricom ya kuhamisha salio, iitwayo Sambaza, na sasa mtu akisema "nisambazie" anaomba salio. Inanichekesha kwamba hapo ndipo mahali pekee ambapo aliyesambaza anapungukiwa kweli. Ukiandika kwa ajili ya wasomaji wa nchi zote, jua kwamba "nisambazie" peke yake itaeleweka vingine upande mmoja.

Kueneza kuna kivuli. Kitu kinachoenea kinaendelea chenyewe ukishakiachia: dini, ugonjwa, uvumi, elimu. Vyama vya siasa vina makatibu wa uenezi, na neno limewakaa sawasawa. Lakini ukiandika kwamba ofisi "imeeneza ratiba", ratiba inaanza kunuka uvumi. Kwa karatasi tumia kusambaza. Kwa itikadi, elimu au uongo, kueneza.

Ilani niitaje haraka, maana inawachanganya watu wa pande mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya. Nayo asili yake ni kutangaza. Tanzania ukisema ilani watu wanafikiria ahadi za chama kwenye uchaguzi; Kenya ni onyo au notisi, kama ilani ya mgomo. Msomaji wako akiwa wa kotekote, andika tangazo, au onyo, kulingana na unachokusudia.

Yaliyohama nyumba

Kuna vitenzi vilivyokuwa vya kupeana habari, vikahamia kwenye kazi maalumu. Hubiri ni ya shina moja na habari. Zamani kumhubiri mtu jambo kulikuwa kumpa habari zake. Kanisa na msikiti vikalichukua, na leo ukisema umemhubiria jirani kuhusu bei ya mafuta utakuwa unajikejeli. Bashiri kwa Kiarabu ni kupeleka habari njema. Kwetu imekuwa kutabiri, na sasa imeshikwa na watu wa kamari za mpira. Simulia yenyewe imebaki kwenye hadithi, ingawa mwaka 1888 wamisionari wa Zanzibar walipoanzisha gazeti la Kiswahili waliliita Msimulizi. Gazeti la leo lenye jina hilo watu wangedhani ni la ngano za sungura na fisi.

Kuwasilisha kumekaa ofisini, na kufanye kazi huko huko: kupeleka ripoti, hoja au mada mbele ya wenye kuamua. Shina lake ni kuwasili, kufika. Huwezi kuwasilisha uvumi.

Ujumbe mmoja, midomo saba

Chukua jambo dogo: mkutano wa Jumamosi umeahirishwa. Lipitishe kwenye vitenzi uone linavyobadilika.

"Mnaarifiwa kuwa mkutano wa Jumamosi umeahirishwa." Karatasi ubaoni, na saini chini yake. "Naomba kuwafahamisha kuwa mkutano umeahirishwa." Hapa nasubiri sababu ifuate, isipokuja, mwandishi alikosea kitenzi. "Nakujuza tu, Jumamosi hakuna mkutano." Rafiki, kwenye simu. "Nimepashwa habari kwamba mkutano umeahirishwa." Kuna mtu aliyenong'ona, nami sitaji jina. "Uongozi unatangaza kuahirishwa kwa mkutano." Kipaza sauti, au gazeti. "Tafadhali sambazeni kwamba mkutano umeahirishwa." Sasa kazi imekuwa yenu. "Tuliwashirikisha wajumbe kuhusu kuahirisha mkutano." Huyu anasema wajumbe waliulizwa kwanza. Kama hawakuulizwa, ni uongo, hata kama kila mmoja wao alipata ujumbe.

Sitakuchorea jedwali, maana jedwali litakudanganya kwamba kila neno lina chumba chake na ufunguo wake. Mtu anaweza kujulisha mahali pa kuarifu na dunia isianguke. Makosa yanayogharimu ni mawili tu: kumweka mtu kwenye kitenzi kisichomshika, na kuandika kushirikisha ukiwa umetoa taarifa.

Na kushea?

Limeingia. Vijana wanalisema, na wazee wanalisema wakiwa na haraka. "Nishee hiyo picha." Lipitishe kwenye jaribio la -ni-: linapita bila kujikwaa. Kwa mwenendo wake wa kisarufi, kushea limekaa kwenye Kiswahili vizuri kuliko shiriki, ambayo ni neno letu la siku nyingi likilazimishwa kazi isiyo yake. Sitaliandika kwenye kijitabu cha elimu, lakini nikilikuta kwenye mazungumzo ya mhusika wa hadithi siligusi. Nikikuta "nishiriki hiyo picha" nalifuta.

Mtaani pia kuna nirushie, na kuna lile la kawaida ambalo watu hulisahau kwa sababu halina mbwembwe: nitumie. Mtu akitaka picha ya kadi ya harusi kutoka kwa shangazi yangu, hamwambii aishiriki wala aishirikishe. Anamwambia, "Shangazi, nitumie ile kadi."

Basi kama ningepewa kitufe kile nikiandike upya, ningekigawa mara mbili. Pale unapochagua mtu mmoja wa kumpelekea ningeandika Tuma. Pale ambapo jambo linakwenda hadharani kwa wote wanaokufuata ningeandika Sambaza. Neno Shiriki ningelihamishia kwenye kadi za mwaliko, mahali pa kujibu kama utakuja. Shangazi angebonyeza Hapana pale, kwa sababu ya safari yake, kisha angerudi kwenye Tuma akanipelekea mimi.